Upele Ulipokwisha, Muwasho Ukabaki

Nimeacha kazi ya nyumba ya dawa nikiwa sina hata unywele mmoja mweupe. Watu wakisikia hivyo hunitazama kwa huruma, wanadhani nimefukuzwa. Sikufukuzwa. Mikono yangu ndiyo iliyochoka kabla yangu. Sabuni kali, maji ya moto na kiberiti cha unga vimeipasua vidoleni mpaka ikawa inatoa majimaji, na Bwana Daktari wetu, yule Mdachi, aliigeuzageuza mchana mmoja akaniambia kwamba nikiendelea nitakuwa mgonjwa wangu mwenyewe. Nikamjibu kwamba angalau sitatembea mbali kwenda kutibiwa. Hakucheka, lakini alinipa kopo la mafuta niende nalo.

Basi ninyi wenzangu mnaobaki pale karibu na reli, mnaoosha migongo ya watu na kukwaruza masufuria ya dawa, mmeniomba niwaandikie nilivyoiona kazi. Shule yangu ni ya misheni kule kwetu Buigiri, tena ya miaka michache, na mwandiko wangu hupanda kilima kila unapokaribia mwisho wa mstari. Mtavumilia. Sitaandika nani alipewa cheo wala nani alilipwa nini, maana mambo hayo sijaona yakimponya mtu. Nitaandika habari za ngozi. Nyingine mnazijua. Nyingine mtazijua siku mgonjwa atakapowarudia mara ya tatu akiwalaani.

Nilipoanza, reli ilikuwa imefika Dodoma si zamani. Kambi ilijaa Wanyamwezi, Wasukuma, watu wa pwani na sisi Wagogo wenye nchi, wote wamebanana ndani ya mabanda, blanketi moja watu watatu. Mimi niliota kwamba kazi ya dawa ni kuvaa kanzu nyeupe na kuweka sikio kifuani mwa mtu huku jamaa zake wamesimama kimya. Nilishajiona. Asubuhi ya kwanza nikapewa ndoo, brashi na sabuni ya majivu, na mbele yangu wakapangwa wanaume wa kambini, matumbo wazi, wakijikuna kila mmoja kwa namna yake.

Aliyenipa brashi ni Mzee Sadala. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi, kwa hiyo nimweleze. Alikuwa mtu wa Bagamoyo, alikuja bara akibeba mizigo ya misafara, akaoa kwetu, akabaki. Kufunga vidonda alijifunza kwa askari. Alisikia kwamba najua kusoma, na tangu saa ile hakuniita jina langu tena.

"Mwalimu," aliniambia, "unauona mgongo ule?"

"Nauona, Mzee."

"Haya, soma."

Nikasugua. Nilisugua kwa bidii ya mtu aliyeota kanzu nyeupe, mpaka yule Msukuma akageuka akaniuliza kama mama yangu ana ugomvi na mama yake. Mzee Sadala akaninyang'anya brashi. Akanionyesha kwamba kinachotakiwa ni kulainisha magamba tu ili dawa ipite, siyo kumvua mtu ngozi. Hilo ndilo somo la kwanza, na hata leo bado naona vijana wapya wakisugua watu kama mawe ya kusagia.

Dawa yenyewe ilikuja kwa makopo kutoka Ulaya, kiberiti kilichochanganywa na mafuta ya nguruwe. Waislamu wakaikataa, na haki yao. Mzee Sadala akawa anachukua kiberiti cha unga kitupu, anakikoroga na mafuta ya mbuzi kwenye sufuria yake mwenyewe ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Tukawa na kopo la huku na kopo la huko. "Mdudu hana dini," alikuwa akisema, "lakini mgonjwa anayo, na mgonjwa ndiye anayepakwa." Wagogo wenzangu ambao hawakuwa huku wala huko walinusa makopo yote mawili, wakachagua la mbuzi.

Upele, kama mjuavyo, ni wadudu wadogo wanaochimba njia chini ya ngozi. Mzee Sadala aliwatafuta kwa wino. Alipaka tone la wino katikati ya vidole au kifundoni mwa mkono, akalifuta kwa kitambaa chenye maji, na pale penye njia wino ukabaki umeingia, kijistari chembamba kilichopinda. Mwisho wa mstari alichokoa kwa ncha ya sindano, akaweka alichokipata chini ya kioo cha kukuzia cha Bwana Daktari. Mara ya kwanza nilipomwona mdudu yule akitikisa miguu nilijikuna mpaka jioni. Mtoto mchanga mtafuteni nyayoni na viganjani, huko ndiko hupenda kukaa.

Kumtibu mtu mmoja ni kupoteza dawa. Nyumba nzima ipakwe siku moja, shingoni mpaka nyayo, hata asiyewashwa. Nguo zichemshwe, na zile ngozi za ng'ombe tunazolalia zipandishwe juu ya paa la tembe zikae juani siku kadhaa, huku wenyewe wanalala kwingine. Hayo yote si magumu. Ugumu huanza wadudu wakishakufa.

Kulikuwa na seremala wa reli, mtu mcheshi, tuliyemtibu vizuri kabisa. Baada ya muda mfupi akarudi.

"Nipakeni tena. Wapo."

Mzee Sadala akamfanyia wino, akamchokoa, hakuona kitu. "Wamekufa, ndugu yangu."

"Mbona wanatembea?"

"Hawatembei. Mizoga yao na mayai yao bado yamo ndani, na ngozi yako ina hasira nayo. Itayatoa taratibu."

"Mzee, mimi ndiye ninayewashwa. Wewe unanisimulia."

Alitukana kidogo, akaenda zake, akapata kiberiti kwa rafiki yake wa karakana ya treni, akajipaka kila siku. Alirudi mapaja yamekuwa kama nyama iliyobanikwa. Kwa hiyo, wenzangu, shikeni hili: muwasho hubaki majuma kadhaa baada ya wadudu kufa, na kiberiti kikizidi nacho huleta muwasho. Mtu anajikuna, anajipaka, anajikuna zaidi kwa sababu amejipaka. Na wako watu ambao ngozi zao ni kavu tangu kuzaliwa, wanaopata ukurutu mashavuni utotoni, kisha viwikoni na nyuma ya magoti. Hao upele ukiwapitia, ngozi huchukua muda mrefu sana kusahau. Hao ndio wa kuwahurumia, na ndio tunaowatesa zaidi kwa dawa zetu.

Sasa nifike kwa Mele, maana kwa kweli ni yeye niliyetaka kumwandika tangu mwanzo.

Upele haukukaa kambini. Wanaume walirudi nyumbani kuona wake zao wakaupeleka kwenye matembe. Bwana Daktari akamwomba jumbe apige mbiu. Mpiga mbiu wetu alikuwa Msanjila, mtu mrefu mwenye pembe ya tandala na sauti ambayo hata ng'ombe waliijua. Akazunguka vijijini, upande wa Makole mpaka njia ya Hombolo, akitangaza: wenye upele wote waende nyumba ya dawa, ngozi zianikwe, na mtu yeyote asipake mafuta wala udongo mwekundu.

Mnajua sisi Wagogo na mafuta. Upepo wa kwetu hukausha mtu kama kitoweo cha kuanika, na bila samli mwilini mtu hujiona yuko uchi. Lakini katazo lilikuwa na sababu. Mafuta na udongo vilifunika njia za wadudu tusizione, na dawa ilikaa juu yake bila kufika ngozini. Watu walitii. Walikuja wamekauka, wamepauka, wanaoneana haya, na tukawatibu.

Mele alikuja katika kundi hilo, msichana aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto walimwita Mbeho, kwa kuwa alizaliwa kipindi cha upepo baridi. Mumewe alikuwa kazini kwenye reli huko mbele, na ni yeye aliyeleta upele, ila wanaume wakileta kitu nyumbani husemwa kimeokotwa na mke. Tukawatibu nyumba nzima. Mtoto tukampaka dawa iliyopunguzwa sana. Niliona mashavu yake makavu yenye vipele vya ukurutu, nikamuuliza Mele.

"Alizaliwa hivyo," akasema. "Hata mimi nilikuwa hivyo, mama ananiambia."

Akaondoka. Akarudi. Akaondoka, akarudi tena, na kila mara mtoto alikuwa mbaya kuliko mwanzo. Viwiko na shingo vilikuwa vikitoa maji, masikio yamepasuka kwa nyuma. Alikuwa hapigi kelele za kulia, analia kile kilio cha chini cha mtoto aliyechoka. Nilimshika, akanisugulia uso kifuani kwa kuwashwa, na damu kidogo ikabaki kwenye shati langu. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya pipa la maji mpaka nilipoweza kurudi.

Mele hakulia. Alisema tu, "Ndugu yangu, mkwe amesema hivi. Mtoto akiacha kujikuna atalala kwenye ngozi ya nyumba ile kama wajukuu wengine. Asipoacha, mimi nirudi kwa baba yangu, maana nimewaletea ugonjwa. Na mtoto akiachishwa ziwa atabaki kwao."

"Amesema lini?"

"Anasema kila asubuhi."

Bwana Daktari akatutuma mimi na Mzee Sadala tembeni kwao, upande wa Makole. Alisema kama mtoto haponi, basi kuna mtu ndani ya nyumba hajapakwa dawa. Mawazo mazuri, na nyumba nyingi huwa ni hivyo.

Tulipokelewa na mkwe mwenyewe, Bibi Nyemo, mama mtu mzima aliyenyooka kama mti wa nguzo. Nilimwamkia kwa kwetu, "Mbukwenyi," na Mzee Sadala naye akaamkia kwa Kigogo chake cha Bagamoyo, kile kinachofanya watoto wakimbilie ndani kucheka. Bibi Nyemo hakucheka. Akatutolea watu wote wa nyumba mmoja mmoja. Tuliwapaka wino wote. Mjomba mmoja alijificha zizini kwa mbuzi, tukamtoa, tukampaka naye. Hakuna njia hata moja. Ngozi za kulalia zilikuwa safi kuliko zangu. Sijawahi kuona nyumba iliyotii kama ile.

Ndipo Mzee Sadala akanusa. Kwenye kona palikuwa na chungu chenye maji ya rangi ya manjano.

"Bibi, hiki nini?"

"Dawa yenu," akasema Bibi Nyemo. "Mwanangu ananitumia kiberiti kutoka kambini. Nachemsha na magadi. Mtoto anaogeshwa asubuhi na jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipompaka ninyi. Ninyi mliacha. Mimi sikuacha."

"Na mafuta?"

Akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Mbiu ilikataza mafuta. Nyumba hii haijagusa mafuta tangu siku ile. Uliza yeyote."

Nikatazama mikono yake. Ilikuwa imepauka na kupasuka kama udongo wa bwawa lililokauka, yake, ya Mele, ya watoto wote. Nikaelewa, na Mzee Sadala akaelewa, tukatazamana. Tulikuwa tumetangaza katazo nchi nzima, na hapakuwa na mtu aliyetumwa kutangaza mwisho wake. Majirani wavivu walirudia samli yao kimyakimya upele ulipopungua, wakapona. Nyumba hii yenye utiifu ndiyo iliyobaki inaungua.

Mzee Sadala akaeleza polepole. Wadudu wamekufa. Kiberiti na magadi sasa ndivyo vinavyomla mtoto. Viachwe, apakwe samli safi.

"Nikimwosha huwa ananyamaza," akasema Bibi Nyemo.

"Ananyamaza kwa kuchoka, mama," akasema Mele.

Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumjibu mkwe wake mbele ya watu. Bibi Nyemo akatugeukia sisi.

"Mmemsikia?"

Yeye akakaa chini kwenye kigoda, na alipozungumza tena sauti ilikuwa nyingine, kama ya mtu anayezungumza na mikono yake.

"Nilikuwa na binti kabla ya baba yake huyu. Naye alikuwa na upele. Wakati huo hapakuwa na Wadachi wala dawa. Nilimpaka samli. Kila siku samli, kwa mikono hii. Vidonda vikaingia homa, akafa. Nilikaa miaka nikijua kwamba nilifanya kila kitu. Kisha mbiu ikapita hapa mlangoni ikisema mafuta ni makosa." Akageuza viganja juu. "Basi nikajua ni nini kilichomuua mwanangu. Na huyu hatakufa kwa mafuta yangu."

Mele alikuwa ameshika mlango. Nilimwona akimtazama mkwe wake kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mzee Sadala akachuchumaa mbele ya kigoda chake. Kisha akasema, "Bibi, samli haikumuua. Wadudu walikuwa hai na dawa haikuwepo. Ungempaka chochote, ungefika palepale. Samli ilimpunguzia maumivu tu."

"Wewe ndiye unayesema. Mbiu haikusema hivyo."

"Mimi ni mtu wa dawa, Bibi."

"Na mimi ni mtu wa nyumba hii. Aliyekataza ndiye aruhusu. Wewe leo utaniambia hivi, kesho mtoto akifa utakuwa Bagamoyo."

Tulimwomba jambo moja tu, kwamba kiberiti na magadi visubiri mpaka turudi, mtoto aogeshwe maji matupu. Alikubali kwa taabu, na akatuambia hatutapewa muda mrefu.

Njiani nilikuwa na hasira, nikasema yule mama ni mkaidi. Mzee Sadala akanikatiza. "Mwalimu, mtu akikuambia aliua mwanawe bila kujua, halafu akakuomba ushahidi kwamba hakuua, usimwite mkaidi. Mpe ushahidi."

Tulimweleza Bwana Daktari. Alisikiliza huku akifuta kioo chake, na tulipofika pale pa mbiu akaacha kufuta.

"Hakuna aliyewaambia mwisho wake?"

"Hakuna, Bwana."

Alivaa kofia yake akatoka mwenyewe kwenda kwa jumbe, kwenye jua la mchana, na kwa hilo namkumbuka kwa wema. Jumbe akamwita Msanjila. Sisi tulidhani kazi imekwisha, kumbe shida ilikuwa kwa Msanjila.

"Mimi hupiga mbiu ya kukataza," alituambia, amekumbatia pembe yake. "Na ya kodi. Na ya kuita watu kazini. Ruhusa sijawahi kuipiga. Inapigwaje?"

"Vilevile," akasema Mzee Sadala. "Badilisha maneno ya mwisho."

"Watu watanicheka."

"Watacheka wakiwa wamepakwa mafuta. Twende."

Alimvuta pembeni akamnong'oneza kitu kirefu. Msanjila akatikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akakubali.

Tulifika tembeni asubuhi jua likiwa limeshapanda. Pembe ya tandala ilipolia, watu wa matembe ya jirani walipanda juu ya mapaa kuangalia, na vijana wawili nikawaona wakianza kuswaga ng'ombe kuelekea porini, maana walidhani ni kodi. Bibi Nyemo alitoka akasimama mlangoni. Mele alisimama nyuma yake na mtoto mgongoni, na mkono wa mtoto ulikuwa ukifanya kazi ileile ya kujikuna sikio.

Msanjila akasafisha koo. Mwanzoni sauti yake ilikuwa ndogo, kisha ikapata njia.

"Sikieni, watu wa hapa. Bwana Daktari na jumbe wanasema. Upele ukishakwisha, kiberiti kiachwe. Magadi yaachwe. Mafuta yapakwe. Waliokatazwa wameruhusiwa." Akavuta pumzi. "Na waliopaka zamani, kabla ya dawa kuja, hawakukosa. Mafuta hayakumdhuru mtoto wa mtu."

Maneno yale ya mwisho hayakutoka kwa Bwana Daktari wala kwa jumbe. Nilimgeukia Mzee Sadala. Alikuwa akiwatazama mbuzi kwa makini sana, kama mtu anayetaka kununua.

Bibi Nyemo aliingia ndani, akakaa huko mpaka Msanjila akaanza kuniuliza kwa macho kama apige tena. Alipotoka alikuwa na kibuyu. Alikifungua, akanusa, akamimina samli kidogo kwenye mkono wake mwenyewe, akasugua taratibu kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, mkono mmoja, kisha wa pili. Ule weupe wa ukavu ukapotea, ngozi ikarudi rangi yake. Alitazama mikono ile kwa muda. Kisha akamwambia Mele, bila kumtazama, "Mshushe."

Alimpaka mtoto yeye mwenyewe, magotini pake, akizungumza naye maneno ambayo sikuyasikia na ambayo hata ningeyasikia nisingeyaandika.

Hapa niseme jinsi tulivyomtunza, maana mtakutana na wengine kama Mbeho. Kiberiti, magadi na sabuni ya majivu vilikwenda kutupwa. Mtoto aliogeshwa mara moja kwa siku, maji ya uvuguvugu tu, na haraka. Maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi, kwa hiyo Mele alichota yale ya mchangani mtoni ambayo ni matamu. Samli ilipakwa ngozi ikiwa bado mbichimbichi kwa maji, siyo ikishakauka, na ikarudiwa kila ukavu ulipoonekana. Samli iwe mpya, isiwe na chumvi wala harufu. Palipokuwa panatoa majimaji tuliweka kwanza kitambaa laini kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka pakakauka, ndipo mafuta yakafuata. Kucha zake Mele alizikata kwa meno kama wafanyavyo mama zetu. Alivikwa kaniki kuukuu iliyofuliwa mpaka ikawa kama manyoya, akawekwa mbali na moto, kwa kuwa joto huamsha muwasho. Na tuliwaambia wazi kwamba atajikuna bado, atajikuna majuma, na kwamba kujikuna si dalili ya wadudu. Dalili ni njia mpya. Usaha au homa ikiingia wamlete mbio bila kusubiri mtu. Nilikuwa napita na wino wangu mara kwa mara, na kila nilipokosa njia Bibi Nyemo alitaka nimwonyeshe kitambaa aone mwenyewe.

Hakupona kwa kunyooka. Kuna juma alirudi nyuma, upepo ulivuma wa vumbi na shingo ikafunguka tena, na nilipofika nikaogopa kuona chungu kile kimerudi kwenye kona. Hakikurudi. Bibi Nyemo alikuwa amekaa na mtoto akimshikilia mikono yote miwili asijikune, anamwimbia, na akaniambia nisisimame kwenye mwanga, nisimzibie. Ngozi ya mtoto yule itakuwa kavu maisha yake yote, nadhani. Atahitaji samli yake kila siku kama wengine wanavyohitaji ugali. Lakini ile hali ya kuungua iliondoka.

Mwisho wa kiangazi Mele alikuja nyumba ya dawa peke yake, hana mtoto mgongoni. Nilipoona mgongo mtupu niliweka ndoo chini. Mzee Sadala naye aliacha sufuria yake, jambo ambalo hafanyi.

"Mtoto yuko wapi?" nikamuuliza.

"Yuko kwa mkwe," akasema, ameninunia. "Nimekuja kushtaki."

"Anajikuna?"

"Hajikuni. Amenenepa mpaka mapaja yana mikunjo. Mkwe amemchukua. Analala naye kwenye ngozi yake mwenyewe, anampaka yeye, anamwogesha yeye. Mimi naitwa wakati wa kunyonyesha, nikimaliza nafukuzwa nikachote maji. Jana nimemwambia, mama, nipe mwanangu nilale naye. Unajua amenijibu nini? Ati wewe bado kijana, utapata wengine. Na kwamba kwa baba yangu niende kusalimia tu, nisikae, kwa sababu mtoto atanitafuta." Akajaribu kuendelea kununa, ikamshinda. "Mzee, hakuna dawa ya hilo?"

Mzee Sadala akafikiri, akarudi kwenye sufuria yake, akakoroga.

"Hiyo hatuna," akasema. "Hata Ulaya hawajaleta."